Jedwali Jekundu la Mwalimu Radhiya

Mwalimu Radhiya Mjaka alikuwa na penseli tatu za rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kuziazima. Ya kijani ilikuwa ya wanafunzi waliopata alama kumi na tano na zaidi katika ishirini, ya njano ya waliopata kumi hadi kumi na nne, na nyekundu ya waliobaki. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alkhamisi, darasa lake la tano lilifanya jaribio la Hisabati. Ijumaa baada ya sala alisahihisha. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa shangazi yake Mwanakwerekwe, alitandaza karatasi kubwa ya miraba juu ya meza ya chakula, akaanza kupaka. Majina arubaini na sita yalishuka upande wa kushoto, nambari za maswali zikapita juu, na katika kila kijumba aliandika moja kwa aliyepata na sifuri kwa asiyepata. Mistari yake ilinyooka hata shangazi yake, fundi cherehani wa miaka mingi, akapenda kusema kwamba mtoto huyu angekata kanzu bila chaki.

Ustadi huo aliupata katika mafunzo ya wiki mbili yaliyofanyika Mji Mkongwe, ambako mkufunzi aliwaasa walimu wasisomeshe kwa kubahatisha. Alama za mtihani, alisema, ni kama vipimo vya maabara: huonyesha ugonjwa ulipo, na dawa ipelekwe hapo hapo. Wenziwe waliyaandika maneno hayo na kuyasahau kabla hawajafika Darajani. Radhiya aliyashika kama mtu anavyoshika wasia. Aliporudi katika skuli yake, iliyo kwenye kijiji kimoja cha pwani ya kusini-mashariki, alianza kulichambua kila jaribio swali kwa swali, na haukupita muda mwalimu mkuu akalibandika jedwali lake ukutani mwa ofisi.

"Huyu ndiye daktari wetu," Mwalimu Tahir aliwaambia wageni kila walipokuja. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyepitisha neno bila ya kulitia chumvi. "Mtoto akipiga chafya tu, keshampima."

Radhiya aliinamisha kichwa kila aliposifiwa. Lakini jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jedwali lilimwonyesha, tangu jaribio la kwanza, safu tisa nyekundu zisizobadilika. Wanane walikuwa wasichana na mmoja mvulana, na wote walianguka mahali pamoja: maswali kumi ya mwisho, yale ya sehemu. Nusu, robo, thuluthi, kuzijumlisha na kuzitoa. Ugonjwa ulikuwa umeonekana. Radhiya akawatenga hao tisa kwenye madawati ya nyuma, akawatengenezea masomo yao wenyewe, na kwa wiki nane akawasomesha sehemu tangu mwanzo kabisa: kukata chungwa, kukunja karatasi, kupaka rangi nusu ya duara, huku wenzao wakiendelea na desimali.

Katika hao tisa alikuwamo Nadra Ubwa, msichana mwembamba mwenye macho yasiyohama. Siku moja, Radhiya alipokuwa ameishika nusu ya chungwa mkononi, Nadra aliinua kidole.

"Mwalimu, hizi sisi tunazijua."

"Mngekuwa mnazijua," alisema Radhiya kwa upole wa mtu mwenye ushahidi, "msingekuwa mmekaa hapo."

Madawati ya mbele yakacheka. Mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Nyekundu hiyo!" Nadra akashusha kidole, na tangu siku ile hakukiinua tena.

Kipo kitu kimoja ambacho jedwali halikukionyesha, lakini macho ya Radhiya yalikiona. Alkhamisi zile za majaribio, alipopita kukusanya karatasi, aliviona vidole vya Nadra. Vilikuwa vimevimba na kuchanikachanika kwenye viungo, vyeupe kwa chumvi, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na mkato mwembamba kama uliopitishwa uzi. Radhiya aliujua mkato ule. Ni wa taitai, vile vikamba vya plastiki ambavyo wakulima wa mwani hufungia miche kwenye kamba zao. Aliujua kwa sababu yeye ni mzaliwa wa Makunduchi, mama yake alilima mwani, na mpaka alipofika umri wa miaka kumi na mmoja vidole vyake mwenyewe vilikuwa hivyo hivyo.

Kisha alipelekwa mjini kwa shangazi yake kusoma. Wiki ya kwanza, msichana aliyekaa naye dawati moja alishika pua na kuuliza kama kuna mtu kaja na bahari yake. Radhiya hakulia. Alinunua sabuni ya kunukia, akaificha mikono chini ya dawati mpaka ikapona, akajifunza kusema kama wanavyosema wa mjini, na kidogo kidogo akaacha kwenda kwao ila siku za Sikukuu. Mkataa kwao mtumwa, husema watu. Yeye alijiambia kwamba hakukataa kwao. Alikaa kimya tu. Basi alipoviona vidole vya Nadra, alifanya kile alichokizoea tangu utotoni. Aligeuza uso, akapokea karatasi ya mtoto wa dawati la pili.

Muhula ulipokaribia kwisha, wilaya ilitangaza kambi ya Hisabati ya wakati wa likizo. Watoto wangelala huko siku kumi na mbili na kusomeshwa na walimu waliochaguliwa, ili mwakani, kwenye mtihani wa darasa la sita, wawe na matumaini ya kupata nafasi katika skuli za vipawa. Skuli ya Radhiya ilipewa nafasi kumi. Mwalimu Tahir hakusita.

"Jedwali liseme," alisema.

Jedwali likasema. Radhiya akachukua majina kumi ya juu, akayaandika kwa herufi zake za duara, orodha ikaenda wilayani. Hakuna safu nyekundu hata moja iliyokuwamo.

Jumamosi iliyofuata ulifanyika mkutano wa wazee wa wanafunzi. Akina mama walijaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamegonga mbao, na wanaume wachache wakasimama mlangoni. Radhiya alisimama mbele na jedwali lake, lililoandikwa juu kabisa tarehe za majaribio yote matano, za kizungu na za Kiislamu, kwani alikuwa mtu wa kukamilisha mambo. Akaeleza kijani ni nini, njano ni nini, nyekundu ni nini. Akasema kwamba watoto tisa hawajaelewa sehemu, na akawaomba wazee wawasaidie nyumbani.

Kwenye dawati la kati akanyanyuka mama mmoja, leso yake imefungwa madhubuti kiunoni.

"Mimi Mwatum, mama yake Nadra," alisema. "Mwalimu, mie sikusoma hivyo mlivyosoma nyinyi. Lakini hebu nisomee hizo tarehe hapo juu. Zetu, si za kizungu."

Radhiya akasoma. "Kumi na saba. Mwezi mosi. Kumi na tano. Ishirini na tisa. Kumi na nne."

Bi Mwatum alikuwa akikunja kidole kimoja kwa kila tarehe. Kabla hajakunja cha mwisho, minong'ono ilishaanza kupita madawatini.

"Bamvua," alisema mama mmoja.

"Bamvua tupu!" akaitikia mwengine.

"Mwalimu, mwanangu," alisema Bi Mwatum, na sauti yake haikuwa na ugomvi, "siku zote tano hizo ulizotia nyekundu, sisi tulikuwa majini. Maji yakitoka vile, hatubaki nyumbani mtu na mwanawe. Nadra kaingia baharini saa mbili, kakata, kafunga, kabeba, katoka saa sita. Kaoga kwa kata mbili, katia kipande cha muhogo mdomoni, kaja kwako skuli, mkondo wa mchana. Sasa wewe hapo ulitaka akujibu nini?"

"Akujibu usingizi!" ilisema sauti ya mlangoni, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Radhiya aliliangalia jedwali. Mwezi mosi, kumi na tano, ishirini na tisa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zamu kwa zamu: siku za bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa. Hesabu hii aliijua kabla hajajua kusoma. Alikuwa amechagua kila Alkhamisi ya pili kwa ajili ya nafasi yake ya kusahihisha, na Alkhamisi ya pili ilikuwa imetembea bega kwa bega na bamvua muhula mzima, mbele ya macho yake, kwa maandishi ya mkono wake mwenyewe.

"Kwenu wapi kwani, mwalimu?" aliuliza mama aliyekaa karibu na dirisha.

"Makunduchi."

"Makunduchi gani hiyo isiyo na bamvua? Au kwenu nyie maji hayatoki?"

Wakacheka tena. Bi Mwatum aliwanyamazisha kwa mkono, akamtazama Radhiya kwa udadisi wa kweli.

"Hujapata kufunga mwani wewe?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa neno moja. Radhiya alihisi nyuso zote zimemwelekea, na mbele ya nyuso hizo akaliona dawati la skuli ya mjini na pua iliyoshikwa.

"Mimi nimekulia mjini," alisema.

"Ahaa." Bi Mwatum akakaa, uso wake ukalainika. "Basi mwacheni, jamani. Mgeni hana kosa. Angejuaje?"

Kama angemtukana, Radhiya angestahamili. Lakini alisamehewa kwa hisani ya uongo wake, na mama wa mtoto aliyemkosea ndiye aliyemsamehe. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alikunja jedwali, na kwa mara ya kwanza lilikunjika vibaya.

Jioni ile hakurudi mjini. Alibaki skuli, akatoa kabatini karatasi zote za majaribio matano, akazipitia moja moja. Alikuwa akitafuta jambo ambalo alipaswa kulitafuta tangu mwanzo. Katika jedwali lake, mtoto aliyejibu akakosa alipata sifuri, na mtoto ambaye hakujibu kabisa naye alipata sifuri. Sifuri hizo mbili zilifanana. Kwenye karatasi hazikufanana hata kidogo. Wale tisa hawakuwa wamekosea sehemu. Walikuwa wameziacha wazi. Maswali ya mwanzo walijibu kwa mwandiko uliosimama. Kufika la saba mwandiko ulianza kulala. La kumi likaishia njiani, na chini yake hapakuwa na kitu. Kwenye karatasi moja ya Nadra kalamu ilikuwa imechora mstari mrefu ulioteremka mpaka ukingoni, kama wa mtu ambaye kichwa kimemwangukia mkononi. Na pale alipowahi kujibu swali la sehemu, mara mbili katika muhula mzima, alikuwa amepata.

Wiki nane alikuwa amewatibu watoto ugonjwa wasiokuwa nao.

Alingoja siku ya maji mafu, siku ambayo bahari haitoki mbali na hakuna anayekwenda shambani, akawapa wale tisa jaribio jipya. Waliingia wamelala vizuri. Nadra aliipokea karatasi, akaisoma yote, kisha akabaki ameshika kalamu bila ya kuandika. Radhiya akamwendea.

"Kuna nini, Nadra?"

"Mwalimu," aliuliza Nadra kwa sauti ya chini, "nijibu ninavyojua mimi, au nijibu kama wa nyekundu?"

Radhiya akainama karibu na dawati lake.

"Jibu unavyojua."

"Nikikosa je?"

"Hutakosa."

"Ulisema hatuzijui," alisema Nadra. Hakuwa na ujeuri. Alisema kama mtu anayekumbushia jambo ambalo limeshakubaliwa, kisha akainama akaanza kuandika, akifuta kila jibu mara moja na kuliandika tena lile lile.

Alipata kumi na tisa. Rafiki yake Fathiya, aliyekaa naye, alipata kumi na saba. Katika tisa, saba walivuka kumi na tano.

Radhiya alizipeleka karatasi kwa Mwalimu Tahir, akazipanga juu ya meza yake, akamweleza yote kwa utaratibu: sifuri mbili zilizofanana, tarehe, bamvua. Mwalimu mkuu alisikiliza, akavua miwani, akaivaa.

"Radhiya, mwanangu. Jedwali hili wageni wa wilaya washalipiga picha. Orodha ishakwenda. Watoto kumi washaambiwa, mabegi yashanunuliwa. Nkamtoe nani sasa?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini orodha si ya kweli."

Mwalimu Tahir akafungua droo. "Bahati yako. Yule mtoto wa Bi Mayasa anahamia Pemba na wazee wake, nafasi yake iko wazi. Moja tu. Mpeleke Nadra." Akamkabidhi fomu ya ridhaa ya mzazi. "Na kuhusu hayo mengine, sikiliza. Nenda kaseme nafasi imepatikana. Basi. Ukweli mwengine hauna haja ya kutembea kijijini. Wakishajua mwalimu kakosea kupima, kesho nani atakuja kusikiliza alama za mwanawe?"

"Naam, Mwalimu," alisema Radhiya, kwa kuwa alikuwa amelelewa kumwitikia mkubwa. Akatoka na fomu.

Njiani alilitengeneza neno. Nafasi imepatikana. Halikuwa uongo. Angelisema kwa heshima, Bi Mwatum angefurahi, mtoto angekwenda kambi, na yeye angebaki mgeni asiye na kosa.

Bi Mwatum alikuwa uani akianua mwani uliokauka juu ya mkeka wa makuti. Harufu ile ilimpata Radhiya mlangoni, kabla hajapiga hodi.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mwalimu! Jamani, leo tumetembelewa."

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Njoo kivulini. Nadra! Lete kigoda." Akapangusa mikono kwenye leso. "Samahani kwa harufu, nyie watu wa mjini hamwiwezi."

Radhiya hakukaa. Alikuwa ameshika fomu kwa mikono miwili, na ghafla lile neno alilolitengeneza njiani likawa zito mdomoni kuliko ukweli wenyewe.

"Bi Mwatum, naiweza," alisema. "Nimezaliwa ndani yake. Nimefunga taitai na mama yangu mpaka nina miaka kumi na mmoja. Siku ile mkutanoni nilikudanganya. Sikuwa mgeni."

Mama yule aliacha kupangusa mikono.

"Na vidole vya Nadra niliviona," Radhiya akaendelea, haraka sasa, kwa kuogopa kuishia njiani. "Kila jaribio niliviona, na nilijua vinatoka wapi. Nikageuza uso. Yeye anazijua sehemu, wote wanazijua, mimi ndiye niliyesoma vibaya karatasi zao. Nafasi ya kambi ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Nimeleta fomu. Lakini sikutaka uitie mkono ukidhani ni fadhila."

Nadra alikuwa amesimama kizingitini na kigoda mkononi, na haikujulikana amesimama pale tangu lini.

Bi Mwatum alimtazama mwalimu kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyake vya ngozi, vilivyong'arishwa. Uso uliolainika mkutanoni haukulainika sasa.

"Siku ile nilikutetea," alisema.

"Najua."

"Wenzangu walitaka kukusema, mie nikasema mwacheni, mtoto wa mjini huyu." Akavuta pumzi. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua kama unasema umekulia mjini?"

Bi Mwatum akanyoosha mkono, akapokea fomu, akaomba kalamu. Alitia jina lake polepole, herufi moja baada ya nyengine, akarudisha karatasi bila ya kumtazama.

"Mtoto atakwenda. Bamvua la siku za kambi nitaingia peke yangu. Na hayo mengine mwambie mwenyewe. Yuko hapo."

Radhiya akageuka. Ni rahisi kuomba radhi kwa mkubwa, kwa kuwa maneno yake yapo tayari. Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hakuyajua. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Nadra, siku ulipoinua kidole ukasema mnazijua, ulisema kweli. Mimi ndiye sikujua. Nyekundu ile ilikuwa yangu."

Nadra hakutabasamu, wala hakusema si kitu, kama wanavyofundishwa watoto kusema.

"Na Fathiya?" aliuliza.

"Fathiya naye alijua."

"Yeye anakwenda kambi?"

"Hapana. Nafasi ilikuwa moja."

"Lakini kapata kumi na saba."

"Ndiyo."

"Na kule mbele kuna wenye kumi na tano wanaokwenda."

"Ndiyo," alisema Radhiya, na neno hilo, ambalo halikuwa na pa kujificha, lilimuuma kuliko yote aliyoyasema tangu aingie uani. "Kwa sababu yangu mimi. Siwezi kulirekebisha mwaka huu."

"Kashaambiwa?"

"Bado."

Nadra akakiweka kigoda chini. Akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa kukubali, naye akavaa kandambili zake.

"Kwao ni pale, nyumba ya pili," alisema. "Mama yake yupo, nimemwona akitandika mwani."

Bi Mwatum alikuwa amekwishainama tena juu ya mkeka wake. Radhiya aliaga, akaitikiwa kwa neno moja, akamfuata Nadra kwenye kijia cha mchanga kati ya nyua mbili. Nyumba za watoto wale zilikuwa tisa, na moja tu ndiyo aliyokwishaimaliza. Mbele ya mlango wa kina Fathiya mtoto akajitenga pembeni, akamwachia nafasi.

Radhiya akasogea mlangoni, uso unamwaka, akapiga hodi.